Mabua ya Cyril Utley

Jumamosi moja ya mwezi Machi, asubuhi, Brenda Womersley alivuka uchochoro na kuingia jikoni kwa Noreen Oldroyd bila kubisha hodi. Garth, mume wa Noreen, alikuwa mezani na kisu, akimenya kiazi kilichokwisha kumenywa. Brenda akavuta kiti, akakaa, akapulizia mikono yake.

"Garth, jana nilikula mabua ya Cyril," akasema. "Nimemkumbuka mbwa wako wa utotoni. Sikio moja limechanika, na duniani haogopi kitu ila treni."

"Anaitwaje?" Garth akauliza.

"Bess."

"Jina zuri," Garth akasema, akarudi kwenye kiazi chake.

Noreen akammiminia jirani yake chai. Hapakuwa na la kushangaza. Katika mji wa Hagthorpe, kila nyumba ilikuwa na kipande cha Garth Oldroyd. Msusi wa barabara kuu alikuwa na siku ya kwanza ya Garth kushuka mgodini. Mwenye bucha alikuwa na mama yake Garth akiimba huku anafua. Kasisi aliangukiwa na ulevi wa kwanza wa Garth, na kila alipoombwa ausimulie alisema ana haraka.

Garth alicheza mbele katika timu ya raga ya Hagthorpe kwa misimu kumi na mitano, na jezi yake ilikuwa namba nane. Watu wasioijua raga ya kaskazini mwa Uingereza hudhani mchezaji ni mbio. Wenye mbio wapo, na hupangwa pembeni, karibu na wapiga picha. Kazi ya mtu wa mbele ni kuuchukua mpira na kuupeleka palipo na watu wengi zaidi. Hukabwa na watatu, huangushwa, husimama, husukuma mpira nyuma kwa mguu, kisha huambiwa arudie. Garth alilipwa kwa kazi hiyo, ndiyo maana aliitwa mchezaji wa kulipwa, lakini malipo yenyewe hayakumzuia kushuka mgodini Jumatatu alfajiri pamoja na waliokuja kumtazama. Pua yake ilivunjika mpaka ikazoea. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema "naumia", na mji ulimpenda kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Mchezaji alipolala chini, Cyril Utley aliingia uwanjani mbio na ndoo ya maji baridi na sifongo. Cyril hakuwa daktari. Alikuwa fundi bomba, na ndoo aliirithi kwa mjomba wake. Alimkamulia majeruhi maji utosini na shingoni, kisha akainua vidole viwili na kuuliza, "Vingapi?" Jibu lilikuwa viwili. Kila mtoto wa Hagthorpe alilijua tangu shule ya msingi, kwa kuwa Cyril, na mjomba wake kabla yake, hawakuwahi kuinua idadi nyingine. Mwaka mmoja Cyril alijikata na bomba, akaja amefungwa bandeji, akainua kidole kimoja. Garth akasema viwili. Cyril akasema vema, rudi.

Kumbukumbu iliyotoka kichwani ilikwenda na maji. Ukiwa karibu ungeona maji ya ndoo yakibadilika kidogo, yakawa na weupe kama ya kuoshea mchele. Cyril hakupenda kumwaga ovyo maji mazuri. Baada ya mechi aliyabeba mpaka kijishamba chake nyuma ya uwanja na kuyanywesha mabua yake, yale mekundu, makali kama ukwaju, ambayo watu wa Yorkshire huyapika kwa sukari, wakayafunika na chengachenga za unga na siagi, wakayamwagia kastadi. Mashina yake hukaa ardhini miaka mingi, na hutoa yanachotaka kutoa kwa wakati yanaotaka. Aliyekula bua akameza pia kitu cha mwenye kichwa. Kamati ya klabu ilikaa mara moja kulijadili jambo hilo. Wakazungumza jioni nzima, wakakubaliana kwamba mabua yagawiwe kwa haki, bila kupendelea mtaa wowote.

"Na si mimi peke yangu," Brenda akaendelea, akikoroga chai. "Craig wa Sheila Tordoff naye alikula jana. Sheila anasema kijana aliweka kijiko chini, akalia kama kafiwa. Eti alikuwa amepakata kitoto, dirishani, hospitali."

Noreen akaweka birika mezani taratibu.

Miaka mingi kabla ya hayo, Noreen na Garth walipata mtoto wa kiume, Edwin. Alizaliwa mwezi wa Novemba, na homa ya uzazi ikamkamata mama yake siku ile ile. Homa ilipomwacha Noreen, mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Alionyeshwa blanketi. Edwin alifumbua macho mara moja tu katika maisha yake mafupi, na aliyeyaona macho hayo ni Garth peke yake. Basi kila Novemba, siku ya kuzaliwa kwa mtoto, Noreen alikaa kitandani akasema, "Niambie." Na Garth, mtu aliyeongea kwa shida hata kuomba chumvi, alimwambia: nilimpakata, nikaenda naye dirishani, akafumbua macho, ya kijivu, akanitazama mimi. Maneno yalikuwa yale yale kila mwaka. Noreen aliishi kwayo mwaka mzima, kisha akayaomba tena.

Katika msimu wake wa mwisho, kwenye nusu fainali ya kombe, Garth aligongwa na goti la mtu pembeni mwa kichwa. Cyril alikuja, akakamua, akauliza, akajibiwa viwili. Garth alirudi na kucheza mpaka kipenga. Novemba iliyofuata Noreen alikaa kitandani akasema, "Niambie," na Garth akamtazama kwa adabu, akauliza, "Edwin nani?"

Tangu hapo, miaka mitano, Noreen alikula kila bua alilogawiwa. Alipata harusi yao kwa upande wa Garth, na akajua kwamba viatu vyake vililia kanisa zima. Alipata maumivu ya jino. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza, akanyweshwa chai, akasimuliwa mengi mazuri ya mumewe. Edwin hakuwa naye mtu.

Sasa alivaa koti akatoka, akamwacha Brenda na chai yake.

Sheila Tordoff alifungua mlango nusu. Craig, mwanawe, alikuwa amepewa jezi namba nane mwaka ule, kijana mpana, mpole, mwenye masikio yaliyoanza kuvimba. Begi lake lilikuwa sakafuni, tayari.

"Noreen, mpenzi, leo mechi," Sheila akanong'ona. "Wewe tena nikufundishe?"

Hakuhitaji kufundishwa. Hagthorpe, mtu wa mbele haambiwi zito wala haulizwi zito siku ya mechi. Baba yake Garth alifariki Jumamosi asubuhi, na Noreen mwenyewe ndiye aliyemkaangia mume wake mayai, akamfunga skafu, akamwambia habari hiyo baada ya kipenga. Mji mzima ulimsifu.

Craig akaja nyuma ya mama yake. "Ni kuhusu yule mtoto, mama?" akamuuliza Noreen. "Ninaye. Ninaye kamili, mpaka ufa wa dirisha. Lakini nikianza kumsema sasa nitalia tena, na leo tunacheza na wale wa ng'ambo ya mto. Nipe mpaka saa kumi na moja. Nitakaa na wewe, nitakwambia yote pole pole."

"Saa kumi na moja," Noreen akasema.

"Haki ya Mungu, mama."

Angeweza kumshika mkono pale pale mlangoni. Dakika mbili zingetosha, na baadaye alizifikiria dakika hizo mbili kuliko alivyofikiria miaka yake yote ya ndoa. Lakini alikuwa mke wa mchezaji. Alimwambia acheze vizuri, akarudi nyumbani kumvisha Garth koti.

Walisimama mahali pao pa siku zote, kwenye ngazi za mashabiki, Garth na pai yake ya nyama, Noreen na mikono mfukoni. Garth hakukumbuka jina la mtaa wake, ila mchezo aliusoma vilevile. "Atapiga teke sasa," alisema, na kweli akapiga. "Huyo atakwenda kushoto." Akaenda kushoto. Watu walimwamkia kwa heshima, wakamgusa bega kama wagusavyo mlango wa kanisa.

Kipindi cha pili Craig aliubeba mpira kuelekea palipo na watu wengi zaidi. Wawili walimkamata miguu, na wa tatu akaja na kiwiko. Sauti ya pigo ilifika juu kwenye ngazi, na wote waliokuwa wakitafuna wakaacha. Craig alianguka kifudifudi, mkono mmoja umenyooka, vidole vikichezacheza kwenye majani.

Cyril alikuwa tayari njiani na ndoo yake.

"Mtoeni!" Noreen akapaza sauti. Akashuka ngazi mbili mbili hadi kwenye ukuta mfupi wa uwanja. "Cyril! Mtoe huyo mtoto! Usimkamulie!"

"Tulia, mama, hii ni raga, si karata!" mtu akapiga kelele nyuma yake, na watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Ana kitu changu kichwani!"

"Sote tuna kitu chako, Noreen!" mwenye bucha akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Cyril alikamua sifongo mara tatu. Noreen aliyaona maji yakigeuka. Vidole viwili vikainuka. Ndipo sauti moja ikapanda juu ya nyingine zote, nzito, safi, sauti ya mtu anayejua hasa anachosema.

"Inuka, mwanangu! Inuka! Inuka!"

Alikuwa Garth. Pai ilikuwa imeanguka miguuni pake. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ambayo Noreen hakuwa ameiona tangu mgodi ulipofungwa, na ngazi zote zikaichukua ile sauti, wazee kwa vijana, inuka, inuka. Noreen alishindwa kumkasirikia. Kwa misimu kumi na mitano yeye mwenyewe alisimama pale na kumpigia mumewe kelele hiyo hiyo, kwa neno hilo hilo, na koo lilimuuma kila Jumapili kwa fahari. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuwa amekwisha kuota ndevu.

Craig akasema viwili. Akasimama, akapepesuka, akarudi. Dakika kumi baadaye alifunga trai chini ya milingoti akiwa na watu watatu mgongoni, na Hagthorpe wakashinda.

Saa kumi na moja Noreen alimkuta kwenye korido ya klabu, nywele mbichi, jicho moja limefumba. Kijana akamsalimia kwa adabu.

"Mama ananiambia ulikuja nyumbani asubuhi. Samahani, sijui nilikuwa wapi. Ulikuwa na shida gani?"

"Mtoto," Noreen akasema. "Dirishani."

Craig akafikiri. Alijitahidi kweli, hata jasho likamtoka. "Mtoto wa nani, mama?" akauliza.

Nyuma ya uwanja, Cyril alikuwa ameinama kwenye kijishamba chake. Ndoo ilikuwa mdomo chini juu ya uzio. Udongo wa mstari wa mwisho ulikuwa mweusi na bado unanywa. Noreen akapiga magoti, akaweka kiganja juu yake.

"Cyril, ungenisubiri."

"Kwa nini sasa, Noreen? Mimi baada ya kipenga namwaga. Siku zote namwaga." Mzee akavua kofia yake, akaikunja. Alikuwa mtu mwema, alimzika mke wake kwa heshima na hakuwahi kuchelewa mechi. "Maji yakimwagika hayazoleki. Ila haya yataota. Mwakani mstari huu wote ni wako. Kamati ikitaka kusema, iseme na mimi."

"Wangapi umewakamulia, Cyril? Huoni wanavyokuwa?"

"Naona," Cyril akasema. "Lakini wakiwa wamelala pale chini, mtu afanye nini? Watu wote wanatazama."

Ule mwaka ulikuwa mrefu. Garth alianza kusahau njia ya chooni. Brenda na wengine walimletea vitu vyake kila wikendi, wakamsimulia, naye akawashukuru kama mtu anayesikia habari za kaka yake aliyehamia Australia. Machi ilipofika Cyril akaja na mabua yote ya mstari, yamefungwa kwa gazeti. Noreen alimpeleka Garth kwa Brenda, akafunga mlango, akapika sufuria zima. Hakuweka kastadi. Alikaa dirishani mchana kweupe akala.

Vya Craig vilikuja kwanza. Baiskeli nyekundu kwenye mteremko. Koti la bibi yake, linanukia peremende. Jina la msichana, Lorna, na ahadi aliyompa nyuma ya maktaba. Noreen alivimeza kwa haya, kama aliyefungua droo ya mtu, akaendelea kula.

Kisha mikono yake ikawa mikubwa. Mifereji ya vidole ilikuwa na weusi wa makaa ambao sabuni haikuutoa. Dirisha lilikuwa na ufa kwenye kona. Kwenye mikono ile palikuwa na uzito mdogo mno, na uzito ule ukajinyoosha, ukafumbua macho. Yalikuwa ya kijivu, kama alivyoambiwa.

Lakini Edwin hakumtazama Garth. Garth alikuwa amemlaza begani, na mtoto alikuwa akitazama kule nyuma, ilibidi baba apinde shingo amwone. Alitazama kitandani. Kitandani palikuwa na mwanamke, nywele zimemgandia kwenye paji la uso, amelala na mdomo wazi. Mtoto alimtazama yule mwanamke bila kupepesa, muda mrefu kwa mtoto wa umri ule, kama anayengoja kuitwa. Na Noreen akasikia koo lake, koo la Garth, likisema, Noreen, amka, Noreen, anakutazama, amka mpenzi. Yule mwanamke hakuamka. Macho ya kijivu yakafumba.

Noreen aliweka kijiko chini. Miaka yote ile mumewe alikuwa amelibeba hilo peke yake, akampa jingine lililo jepesi, kwa maneno yale yale kila Novemba asije akakosea. Alilia mpaka chakula kikapoa. Alilia kwa ajili ya mtoto, na zaidi kwa ajili ya yule bubu mwenye pua iliyovunjika, ambaye hangeweza tena hata kuambiwa asante akajua ni ya nini.

Siku ya pili alimpelekea Craig vitu vyake. Akamweleza baiskeli, koti la bibi, Lorna. Kijana alisikiliza, akashukuru, akasema, "Kumbe peremende?" Lorna alikuwa amekwisha kuolewa Leeds. Noreen akamwambia aache kucheza, angali mzima. Craig akacheka kwa upole, akamwonyesha jezi iliyoning'inia mlangoni, imepigwa pasi na mama yake. Aliivaa msimu ule na uliofuata. Kamati ilimpa Cyril nishani kwa utumishi wake wa muda mrefu, na ndoo kubwa zaidi.

Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Edwin ikaangukia Jumamosi. Noreen alimkalisha Garth kitandani baada ya kifungua kinywa, akaketi karibu naye, akaushika mkono wake.

"Nikwambie kitu," akasema. "Tulikuwa na mtoto. Ulimpakata, ukaenda naye dirishani. Akafumbua macho. Ya kijivu."

"Akamtazama nani?" Garth akauliza.

"Wewe," Noreen akasema. "Alikutazama wewe."

Garth alikuwa anaipima habari ile kwa makini, kama apimavyo mchezo.

"Bila kupepesa?"

"Bila kupepesa."

"Basi huyo," Garth akasema, na uso wake ukafunguka, "huyo angecheza mbele."

Noreen alimwona. Alimwona na mabega, na masikio yamevimba, amelala kifudifudi kwenye majani huku mji mzima ukimwita ainuke. Na kwa mara ya kwanza tangu azikwe alimshukuru Mungu kwamba hakukua, na akajichukia kwa shukrani hiyo.

"Angecheza," akasema. Akainuka kumtafutia Garth koti, kwa sababu mechi ilikuwa saa tisa na yeye alipenda kufika mapema.